Simu ya Savannah na vitabu vitatu

Kisa cha simu ndicho mlango ambao karibu kila mtu huupitia anapotaka kumjua Juliette Gordon Low, mwanzilishi wa Girl Scouts wa Marekani. Ni Machi 1912. Juliette, mjane wa miaka 51 aliyerejea karibuni kutoka Uingereza, anampigia simu binamu yake Nina Pape, aliyekuwa akiendesha shule ya wasichana mjini Savannah, Georgia. Anamwambia aje upesi: ana jambo kwa ajili ya wasichana wa Savannah, wa Marekani nzima, na wa dunia yote, na wataanza usiku huohuo.

Tamko hilo linastahili kusomwa polepole. Mahali panapanuka kwa hatua tatu, mji, nchi, dunia, kisha ghafla muda unabanwa hadi usiku mmoja. Ukubwa wa nia unaangukia kwenye saa chache zijazo, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Anayesikia hapewi nafasi ya kuuliza fedha zitatoka wapi, nani atafundisha, wazazi watasema nini. Na kweli Nina hasemi kitu. Kisa kinakatika kabla hajafungua kinywa. Tumesimuliwa mazungumzo ya simu yenye sauti ya upande mmoja tu, na kwa miaka zaidi ya mia tumeridhika nayo.

Aliyekuwa akizungumza alikuwa karibu kiziwi. Sikio moja liliharibiwa na matibabu mabaya akiwa kijana. La pili liliumia siku ya harusi yake, Desemba 1886, pale punje ya mchele waliorushiwa maharusi ilipoingia ndani. Waliomfahamu wamesimulia jinsi alivyoutumia uziwi huo kazini: aliyekataa kumsaidia alijikuta akishukuriwa kwa kukubali, kwa kuwa Juliette hakuisikia ile hapana, au alijifanya hakuisikia. Nikikisoma kisa cha simu baada ya kulijua hili, naona kwamba umbo lake ni umbo la mbinu yake. Jibu halipo kwa sababu jibu halikutakiwa.

Visa vyake vingine vinafuata msuko uleule. Alihudhuria chakula cha mchana akiwa na kofia iliyopambwa kwa karoti na majani ya mboga, akawaambia wenzake kwamba hana uwezo wa kuirekebisha, fedha zake zote zinakwenda kwa wasichana. Katika kikao cha bodi alisimama kwa kichwa, miguu juu, ili wajumbe wavione viatu vipya vya sare. Kila mara kuna hadhira ya watu wenye uwezo, kuna tendo la kushangaza, kisha watu wanacheka, na kicheko kinakuwa ndiyo yao. Ni usanii wa hali ya juu, na nauheshimu. Chama kisichokuwa na akiba kililishwa nao, pamoja na bei ya mkufu wake wa lulu aliouuza kwa hiari. Lakini simulizi iliyotengenezwa ili kupata ndiyo haiwezi kubeba sauti ya pili, na mtafiti anayeirithi anarithi pia ukimya uliomo.

Ukimya huo unaonekana vizuri katika kisa cha utotoni ambacho familia ilikihifadhi. Desemba 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kaskazini la Jenerali Sherman liliingia Savannah. Baba yake Juliette alikuwa ofisa wa jeshi la Kusini. Mama yake alizaliwa Chicago, na ndugu zake walipigana upande wa Kaskazini, kwa hiyo majenerali walikaribishwa nyumbani. Mtoto wa miaka minne anapakatwa na Jenerali Howard, aliyepoteza mkono vitani, naye anauliza mkono umekwenda wapi. Anaambiwa ni risasi ya waasi. Anajibu kwamba basi huenda ni baba yake aliyempiga, maana amewapiga watu wengi wa Kaskazini. Watu wazima wanacheka, na vita vilivyoua mamia ya maelfu vinakwisha kwa utani wa mtoto. Lakini familia hiyo ilimiliki watumwa, na kuingia kwa jeshi hilo kulikuwa ndiyo siku ya ukombozi kwa watu weusi wa Savannah. Kisa kinafunga mlango kabla hatujajua nani alikuwa jikoni wakati kicheko kikisikika sebuleni, na alisema nini.

Visa hivi vimepita katika vitabu vitatu, na kila kimoja kimevishika kwa namna yake. Cha kwanza kilitoka mwaka 1928, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, kikihaririwa na Anne Hyde Choate na Helen Ferris. Ni mkusanyiko wa kumbukumbu za ndugu na marafiki. Umbo hilo linaahidi sauti nyingi, ila wote wanazungumza kwa mapenzi, nao wanazungumza wakiwa bado katika majonzi.

Cha mwaka 1958, *Lady from Savannah*, kina jambo la kipekee. Mmoja wa waandishi wake wawili ni Daisy Gordon Lawrence, mpwa ambaye jina lake ndilo la kwanza katika daftari la tarehe 12 Machi 1912, wasichana 18 walipoandikishwa. Siku hiyo hakuwepo. Shangazi alimwandika tu. Hapa daftari na tukio havilingani, na anayesimulia ndiye huyohuyo aliyeandikwa bila kuwepo. Kwangu hili ni thamani ya kitabu hicho. Kinamwonyesha Juliette akifanya katika orodha alichofanya katika simu: anamjibia mwenzake kabla hajaulizwa. Kurasa nyingi za mwanzo zinawahusu wazazi na mababu, na hilo linageuza uasisi kuwa urithi wa ukoo, jambo ambalo lina mvuto lakini linaupunguza uamuzi wake mwenyewe.

Kitabu cha Stacy Cordery, cha mwaka 2012, kinavunja mtindo huo. Ni mwanahistoria, anafuata barua na shajara, na anakubali maisha yaende taratibu kama yalivyokwenda. Tunakaa muda mrefu na ndoa iliyoharibika, na mume aliyefariki mwaka 1905 akiwa ameacha sehemu kubwa ya mali kwa mwanamke mwingine. Tunamwona Juliette akitafuta la kufanya na maisha yake, mpaka anakutana mwaka 1911 na Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Simu ya Savannah inapolia, tayari tumemwona akikusanya wasichana saba katika bonde la Glen Lyon, Scotland. Usiku ule mmoja unapoteza muujiza wake na kupata sababu.

Hata hivyo hakuna maisha ya mwanzilishi yanayoweza kutosha kueleza urithi wake, kwa kuwa urithi uliendelea kuandikwa na wale ambao visa havikuwapa nafasi. Huko Nashville, Josephine Groves Holloway alianza kuwakusanya wasichana weusi mwaka 1924, Juliette akiwa hai. Kundi lake lilitambuliwa rasmi mwaka 1942. Katika miaka hiyo, ile "Marekani nzima" iliyotamkwa katika simu ilikuwa inapingwa na ngazi za chama kilekile, na aliyeidai itimizwe hakuwa Juliette.

Kwa hiyo mtafiti anayeanza leo ningemshauri aanze na Cordery, aende kwenye karatasi za ukoo wa Gordon zilizohifadhiwa Savannah na Chapel Hill, kisha asome habari za Holloway. Kitabu cha 1928 akiweke mwisho. Atavisoma visa vya kofia na viatu akiwa tayari anajua fedha zilikuwa chache kiasi gani na nani alikuwa nje ya chumba, naye atasikia katika kila kimoja mahali ambapo mtu wa pili angejibu.