Kusoma tangazo la Mini iliyotengenezwa upya

Makamaradi, kuko watu watasema mwenye diplome anapoteza wakati kusoma matangazo ya magari ya zamani ya Waingereza. Sawa. Mimi naona tangazo la kuuza ni maandishi kama mengine, tena ni maandishi yenye kuficha kwa adabu, na sisi tulisomea kufungua maandishi ya namna ile. Nimechukua aina moja tu: Mini ya zamani, ile ndogo kabisa, iliyotengenezwa upya na kuuzwa kule Uingereza kwa watu wenye franga.

Ukisoma matano ao kumi, utasikia yote yanaongea kwa sauti moja. Gari imerudishwa katika hali yake ya kwanza. Kisha, mstari wa pili tu: viti vya ngozi, volani ya mbao, redio yenye kuungana na simu, rangi tabaka juu ya tabaka mpaka unajiona sura. Hakuna anayeona kama mstari wa pili unapigana na wa kwanza. Ni pale ninataka tusimame.

Hali ya kwanza ilikuwa nini? Mwisho wa 1956, kisha vita ya Mfereji wa Suez, esanse ilipungua Uingereza mpaka serikali ikaigawa kwa vipimo. Leonard Lord, mkubwa wa kampuni ya BMC, alitaka haraka gari ndogo ya kweli, yenye kubeba watu wakubwa wanne, na motere itoke kati ya zile kampuni ilikuwa inatengeneza tayari. Kazi ilipewa Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, aliyefika Uingereza akiwa kijana mkimbizi. Huyu akafanya hesabu ya nafasi kama mama mwenye nyumba ya chumba kimoja. Akageuza motere ikae kwa upana wa gari, si kwa urefu. Bwate ya vitesi akaiweka chini ya motere, vyote viwili vikaoga katika mafuta yale yale. Akachukua magurudumu ya inchi 10. Pahali pa resori za chuma, Alex Moulton alimletea koni za mpira. Ikatoka gari ya urefu wa metre 3 na sentimetre 5, na karibu 80% ya nafasi yake ikabaki kwa watu na mizigo yao. Agosti 1959 ilipotolewa, bei ilikuwa karibu pauni 497, kodi ndani.

Donc Mini haikuwa kwanza umbo zuri. Ilikuwa jibu la swali gumu: namna gani mtu wa mshahara mdogo, esanse ikiwa haba, atatembeza jamaa yake? Uzuri ulikuja nyuma, sawa vile jembe nzuri linakuwa zuri juu linalima.

Tuangalie mlango tu. Mini za kwanza hazikuwa na dirisha la kuzungusha kwa mkono. Kioo kiliteleza mbele na nyuma, basi. Watu walisema ni umaskini. Lakini juu hakukuwa mashini ya kuteremsha kioo, mlango ulikuwa bati jembamba, na ndani yake kukabaki mfuko mkubwa wa kuweka viatu, chupa, mkate, vitabu. Na dereva akapata nafasi ya kiwiko katika gari nyembamba vile. Dirisha la kuzungusha liliingia 1969 na mfuko ukafa. Sasa mtu anatengeneza Mini ya 1962, anafunika mfuko ule kwa ngozi iliyoshonwa vizuri, anatia spika ndani. Issigonis mwenyewe hakupenda redio ndani ya gari. Kazi ya ushoni, siikatai, ni safi kabisa. Lakini ametupa wazo lenyewe na kubakiza kitasa chake.

Msinielewe vibaya, sitaki gari ikae na kasoro zake zote kama masalio ya mtakatifu. Mini za mwanzo ziliingiza maji. Mabati ya sakafu yalikuwa yamepandana upande mbaya, mvua ikinyesha miguu inalowa, tena distribita ilikuwa mbele kabisa, nyuma ya grili, inapigwa maji na motere inakohoa. Mwenye kuziba ile amefanya vema. Hakuna mtu anadai maji katika viatu juu ya heshima ya historia. Kuziba maji kunasaidia gari ifanye ile iliyotaka kufanya tangu mwanzo. Kushona ngozi kunaibadilishia mwenyewe: gari ya mwalimu inakuwa gari ya mkusanyaji.

Kisha kuko kutu, na hapa ndipo tangazo linanyamaza zaidi. Mini haina shasi ya kujitegemea chini yote kama kamio. Bodi yenyewe ndiyo inabeba, pamoja na fremu mbili ndogo, moja mbele na moja nyuma. Maji yanakaa katika maungio, na kutu inakula pembeni ya sakafu, chini ya milango, fremu ya nyuma. Fundi mwaminifu anakata bati bovu, anachomelea jipya, anakata tena. Kuna gari ambayo inafika pabaya mpaka ni afadhali kununua bodi nzima mpya: kampuni ya British Motor Heritage, kule Witney, inazitengeneza mpaka leo. Motere nayo inafunguliwa, waya zinabadilishwa, viti vinabadilishwa. Wale wa filozofia watanikumbusha merikebu ya Theseus. Asante, lakini mimi siulizi kama ni gari ile ile. Nauliza kwa nini tangazo halituambii ni vipande gani vimebaki. "Hali ya kwanza" linakuwa neno la kufunika orodha.

Kwa hiyo, sehemu ninayopenda katika matangazo haya ni ile ambayo wauzaji wengine wanaiona aibu: picha za gari ikiwa bado mbaya. Sakafu ina matundu, bodi iko uchi, mtu anaonekana mikono tu na chombo cha kuchomelea. Tangazo lenye picha arobaini za namna ile ni maandishi ya kweli, hata kama Kiingereza chake ni kibovu. Lenye picha kumi za rangi inayong'aa, jua likizama nyuma, silisadiki.

Kuhusu Cooper sitakaa sana. Mini Cooper ilianza 1961, na Mini zikashinda raliya Monte Carlo 1964, 1965 na 1967. Tangu pale kila Mini ya kawaida inatamani kuvaa mistari miwili juu ya kapo. Ikiwa muuzaji anaandika wazi kwamba ni mfano, haina shida. Asipoandika, ni wizi wenye rangi mbili.

Mtu ataniambia: bila hao matajiri, gari zile zingekuwa vyuma chakavu. Ni kweli. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 5 mpaka kiwanda cha Longbridge kiliposimamisha Oktoba 2000, na nyingi zimekwisha kuoza. Franga ya mkusanyaji inalisha mafundi wanaojua kazi, na ujuzi ule ungekufa nao. Nakubali, na hoja hii inanisumbua kuliko zingine. Lakini kulipa hakumpi mtu ruhusa ya kubadilisha maana ya neno.

Na sasa kuko habari inayotugusa sisi. Kuko watengenezaji wanaotoa motere ya esanse na kuweka ya umeme. Mwaka 2022 kampuni ya Mini yenyewe ilitangaza kazi ya namna hiyo kwa gari za zamani: umbali wa karibu kilometre 160 kwa betri moja iliyojaa, na motere ya kwanza inawekewa alama na kutunzwa, ili siku moja mtu akitaka airudishe. Nilidhani nitachukia. Kumbe ni hao wanaosema kweli: hiki tumetoa, hiki tumeweka, kile kiko kwenye rafu. Shida ni neno "safi" wanaloongeza. Betri nyingi za litiamu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, Kolwezi na pembeni yake. Orodha ya vipande inasimama kwenye mlango wa garaji ya Uingereza. Haifiki mpaka shimoni.

Tena kuna mstari mmoja unarudi karibu katika kila tangazo, na muuzaji anauandika kwa fahari: tangu itengenezwe, gari haijatembea hata kilometre 200. Gari iliyozaliwa juu esanse ilikosekana na watu walitaka kufika kazini, sasa inauzwa kwa bei kubwa juu haijaenda popote.