Chumba Ndani ya Jumba

Msomaji wa bbc.com/swahili au dw.com/sw hana haja ya kuitazama anwani. Amefuata habari, na habari ameipata. Mimi huutazama ule mkwaju mmoja unaotenga jina la tovuti na jina la sehemu, kwa kuwa nyuma yake kuna ufundi ninaouenzi sana: kuifanya sehemu moja ya tovuti kubwa ionekane na anayetafuta, ilhali tovuti nzima ina wakuu wake, lugha zake nyingi na mipango yake.

Fundi wa sehemu ni mpangaji. Faili la robots.txt, ambalo tangu 1994 huziambia roboti za utafutaji pa kupita na pa kutopita, husomwa kwenye mzizi wa tovuti tu. Liweke ndani ya saraka yako, halitasomwa. Mstari mmoja ulioandikwa makao makuu waweza kuzifungia kurasa zako zote, nawe ukabaki kubisha hodi. Alicho nacho mpangaji ni ramani ya kurasa zake, yenye nafasi ya anwani 50,000 katika faili moja, pamoja na vichwa, maneno na viungo. Ana pia sifa ya jumba. Tangu Larry Page na Sergey Brin waeleze mwaka 1998 namna viungo vinavyoweza kupima uzito wa ukurasa, kuunganishwa na kurasa zinazoaminika kumekuwa mtaji. Nao wenyewe walianzia upangajini: Google ya mwanzo ilikaa google.stanford.edu, ndani ya tovuti ya chuo kikuu chao.

Mtaji huo una walaghai wake. Wapo waliokodi kona za tovuti zenye jina wapenyeze humo kurasa za mikopo na kamari, hadi Machi 2024 Google ikatangaza sera ya kuwazuia. Niliifurahia sera hiyo, kwa maana sifa ya jumba ni ya wanaoishi humo kwa haki.

Ila kiini cha kazi hii ni kusikiliza. Mwandishi wa ukurasa wa afya huandika "shinikizo la damu" na "saratani", kama alivyofundishwa. Mgonjwa, au binti yake aliyeshika simu usiku wa manane, anaandika "presha", anaandika "kansa", anaandika "presha ya kushuka inasababishwa na nini". Wote wawili wanasema Kiswahili, na fundi ndiye anayewakutanisha. Kichwa hubeba neno la muulizaji, aya ya kwanza huleta neno la daktari na kuyafungamanisha mawili hayo, kisha ukurasa hujibu swali kabla ya kuanza maelezo marefu. Anayerundika "presha" katika kila sentensi anamwandikia roboti, na binti yule ataufunga ukurasa akiwa bado na hofu yake. Kichwa nacho sharti kijitegemee, maana kwenye orodha ya matokeo kinasomwa peke yake, mbali na kurasa jirani zake. "Maswali ya Kawaida" kinaeleweka kwa aliyekwisha kuingia; aliye nje hakimwambii kitu. "Presha ya Kushuka: Dalili na Hatua za Kuchukua" kinamwita.

Pale habari moja inapotoka kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, huwekwa alama ya hreflang, inayojulisha ukurasa upi ni wa msomaji yupi. Google ilianza kuipokea mwaka 2011. Ina sharti ninalolipenda: kurasa zote mbili zitajane. Ukurasa wa Kiswahili ukimtaja mwenzake, naye asiutaje, alama hiyo hupuuzwa. Basi fundi hana budi kujuana na wenzake wa vyumba vingine.

Na majumba huhama. Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliwahi kusomwa bbc.co.uk/swahili kabla ya anwani ya sasa. Katika uhamaji wa aina hiyo, kila ukurasa wa zamani unahitaji elekezo la kudumu, lile la namba 301, linalompeleka msomaji kwenye ukurasa uleule mahali pake papya. Kuwarundika wote kwenye ukurasa wa mbele ni kuwatupa, na viungo ambavyo walimu na waandishi waliviweka kwa miaka mingi hupoteza maana. Kwa hiyo makao makuu yakianza kuzungumzia kuhama, fundi wa sehemu aitwe kwenye kikao cha kwanza, aje na orodha yake ya anwani, na asikilizwe kabla ya mchora rangi.