Mjomba Roy na Ahadi kwa Mtu Tusiyemjua

Katika darasa la kipaimara kijana mmoja alituuliza kama Mungu anachukia michezo ya kompyuta. Tulimjibu upesi, kama wachungaji wengi tunavyojibu: inakula muda, inakula bando, inamfungia mtu chumbani wakati ndoo za maji zinamsubiri nje. Alinyamaza kwa adabu. Njiani kurudi nyumbani ndipo tulipotambua kwamba tulikuwa tumejibu swali ambalo hakuuliza. Yeye alitaka kujua kama ndani ya mchezo kunaweza kuwa na kitu ambacho Mungu angekitazama bila kugeuza uso.

Hapa tunajaribu kumjibu tena, kwa kuzitazama kazi mbili za sanaa kutoka Uingereza. Tuseme mapema kwamba hatukuzicheza. Zilifanyika zaidi ya miaka 20 iliyopita, nasi tunazijua kwa video zilizobaki na kwa maandishi ya waliozitengeneza na waliozichunguza. Msomaji atupime hivyo, kama anavyompima mtu anayesimulia arusi aliyoiona kwenye mkanda tu.

Waliozitengeneza ni kundi la wasanii liitwalo Blast Theory, lililoanza mwaka 1991 na lenye makao karibu na mji wa Brighton. Viongozi wake ni Matt Adams, Ju Row Farr na Nick Tandavanitj. Katika kazi hizi mbili walishirikiana na wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Nottingham. Si wahubiri, wala hawajidai kuwa wahubiri.

Kazi ya kwanza inaitwa Can You See Me Now?, swali la mtu anayeuliza kama sasa anaonekana. Ilifanyika kwanza Sheffield mwaka 2001, na mwaka 2003 ikapata tuzo kuu ya sanaa shirikishi kwenye mashindano ya Ars Electronica huko Linz, Austria. Ni kama kombolela, ila wanaojificha wako popote duniani mbele ya kompyuta zao, wakikimbia katika ramani ya mji kwa kubonyeza vitufe. Wanaowafukuza ni wasanii wenyewe, nao wanakimbia kwa miguu katika mitaa halisi ya mji uleule. Kila mkimbiaji amevaa vifaa: kompyuta ndogo mkononi inayomwonyesha waliko wachezaji, kipokezi kinachosoma satelaiti kujua yeye mwenyewe yuko wapi, na redio ya upepo yenye kisikizio sikioni. Akifika ndani ya mita 5 kutoka pale ambapo mchezaji "amesimama" kwenye ramani, mchezaji ameonekana na mchezo wake umekwisha.

Kinachotugusa hapa ni sauti. Wachezaji walisikia kwa intaneti yale ambayo wakimbiaji waliambiana kwenye redio. Walisikia magari, nyayo, na pumzi ya mtu anayepandisha mlima akihema. Mchezaji mmoja alieleza baadaye kwamba wakati akijitahidi kumkimbia mkimbiaji, alisikia mlio uliomfanya adhani lori limerudi nyuma likamgonga mtu yule. Papo hapo akasahau kutoroka, akabaki kutamani tu kwamba adui yake awe mzima.

Tumelisoma tukio hilo mara nyingi. Mtu yuko mbali, kwenye kiti, na yule anayemwinda ni nukta kwenye kioo. Halafu nukta inapumua. Sisi tunaomwungama Mungu aliyeutwaa mwili, akachoka, akaona kiu kando ya kisima, hatuwezi kulipita jambo hilo kama kioja cha mitambo. Mitambo haikuuficha mwili wa yule mkimbiaji. Iliuleta karibu mpaka mpinzani wake akamhurumia. Katika michezo mingi tunayoiona mikononi mwa vijana wetu mwili wa mwingine hauna uzito wowote. Unapigwa, unaanguka, unafutika, unazaliwa tena. Pale Sheffield mwili ulikuwa mmoja tu, nao ulilowa mvua.

Kuna jambo jingine katika kazi hiyo. Kabla ya kuanza, mchezaji aliulizwa kama yuko mtu ambaye hajamwona kwa muda mrefu na bado anamfikiria. Aliandika jina, kisha akaingia mchezoni na pengine akalisahau swali. Aliponaswa, alisikia mkimbiaji akilitamka jina lile kwamba limeonekana, halafu mkimbiaji akapiga picha ya mahali aliponaswa. Picha zilitunzwa. Zinaonyesha kona za barabara, ukuta, sehemu ya kuegesha magari. Hakuna mtu ndani yake.

Baadhi ya wenzetu watasema huo ni ujanja wa kuchezea majonzi ya watu. Pengine. Lakini kila mwaka tunaposoma kanisani majina ya washarika waliotutangulia, hatufanyi kitu cha mbali sana na hicho: jina linatamkwa kwa sauti mahali ambapo mwenye jina hayupo. Tofauti iko katika tumaini. Sisi tunalitamka jina tukingoja ufufuo. Wao walilitamka wakabaki na picha ya lami. Tunaiheshimu picha hiyo kwa kuwa haikujifanya kuwa zaidi ya ilivyo.

Hapa inafaa kuutaja mchezo wa Pokémon GO, ambao vijana wengi wanaufahamu. Ulipotoka mwaka 2016 ulitandaza viumbe vyake juu ya dunia nzima, makanisa na makaburi yakiwamo, hata jumba la makumbusho ya mauaji ya Wayahudi mjini Washington likalazimika kuwaomba wageni wasiuchezee humo. Nao unawatoa watu nje, nao unasoma satelaiti. Ila pale uliposimama wewe, kwake ni kiwanja tu cha kukusanyia. Hauulizi ni nani aliyelala hapo.

Kazi ya pili ndiyo iliyotupa shida zaidi. Inaitwa Uncle Roy All Around You, nasi tutaiita kazi ya Mjomba Roy. Ilianza London mwaka 2003. Mchezaji wa mtaani alifika, akakabidhi vitu vyake vyote: begi, pochi, funguo, simu. Akapewa kompyuta ndogo ya mkononi na dakika 60 za kumtafuta mtu aitwaye Mjomba Roy katikati ya jiji. Mjomba alimtumia maelekezo, mengine ya kweli, mengine ya kumzungusha. Wakati huohuo wachezaji wengine, wageni kabisa, walimfuatilia kupitia intaneti katika ramani ya jiji lilelile. Waliweza kumwandikia ujumbe wa kumsaidia au wa kumpoteza, naye aliweza kuwajibu kwa kurekodi sauti yake. Hakujua nani kati yao ni mwema.

Akibahatika alifika kwenye ofisi isiyo na mtu. Mezani palikuwa na kadi ya posta yenye swali: ni lini unaweza kuanza kumwamini mtu usiyemjua? Kisha aliambiwa atoke nje akaingie ndani ya gari refu la kifahari lililokuwa linamsubiri. Humo alikaa mtu asiyemfahamu, na gari likiondoka mtu huyo alimwuliza maswali, mpaka likafika lile la mwisho: je, uko tayari kuwa msaada kwa mgeni atakayepatwa na shida, kwa muda wa miezi 12 ijayo? Waliokuwa kwenye intaneti waliulizwa vivyo hivyo. Aliyekubali aliunganishwa na mwingine aliyekubali. Mchezo ukaisha, na ahadi ikabaki na mwaka mzima mbele yake.

Tunayo malalamiko. Kumnyang'anya mtu funguo na simu, kumzungusha jijini kwa saa nzima, kisha kumwingiza garini mwa mtu asiyemjua, ni kumlegeza kabla ya kumtaka ahadi. Tunaifahamu mbinu hiyo. Kuna mikutano ya injili inayoimba pambio moja nusu saa kabla ya kupitisha vikapu. Ahadi inayokamuliwa kutoka kwa mtu aliyechoka na mwenye hofu ina kasoro. Tena mchezaji alinunua tiketi. Alikuja kutafuta jioni yenye msisimko, na huenda alisema ndiyo kama vile mtu anavyopiga makofi.

Kuna na hili: jirani wa Mjomba Roy alichaguliwa na kompyuta. Msamaria katika mfano wa Bwana hakuchaguliwa na yeyote. Alikuwa akipita, akaona, akashuka kwenye mnyama wake. Hakuulizwa kama yuko tayari kwa miezi 12, na kama angeulizwa kule Samaria, akiwa amekaa kwenye kiti kizuri, hatujui angejibu nini. Luther alifundisha kwamba matendo yetu mema hayahitajiwi na Mungu, yanahitajiwa na jirani. Na jirani wa mafundisho hayo ni yule aliye mlangoni: mke, mtoto, kibarua, mwenye nyumba. Kumwahidi mgeni wa mbali kunaweza kuwa njia nzuri ya kumkwepa wa karibu.

Tulitaka makala iishie hapo, na hukumu yetu ikiwa imesimama vizuri. Ila kadi ile ya posta ilitukumbusha ibada moja ya ubatizo.

Miaka 14 iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukihudumu, tulisimama baba na mama mchungaji kuwa wasimamizi wa mtoto ambaye wazazi wake hatukuwafahamu. Walikuwa wamehamia karibuni, hawakuwa na ndugu pale, na wasimamizi waliopangwa walikwama safarini. Mzee wa kanisa alitunong'oneza, tukasimama. Tuliulizwa kama tutamwombea mtoto huyu, kumfundisha Katekisimo, kumsaidia akue katika imani. Tulijibu ndiyo kwa msaada wa Mungu, kwa sauti kubwa, kwa maana tunayajua maneno yale bila kitabu. Hakuna aliyetunyang'anya funguo. Hakuna gari lililotuzungusha. Tulikuwa na akili zetu timamu, tumevaa nguo za Jumapili. Kisha tukahamishwa. Namba ya simu ya mama yake tulikuwa nayo, na mara ya mwisho kuitumia ilikuwa sikukuu ya Krismasi ya zamani kiasi kwamba hatuna hakika ya mwaka.

Wale wa London waliahidi miezi 12 kwa mtu waliyefahamu kwamba hawamjui. Sisi tuliahidi bila kikomo, na hatukuona kwamba tumeahidi kwa mgeni.

Kwa hiyo hukumu yetu inabidi irekebishwe. Tunaendelea kusema kwamba njia ya Mjomba Roy ya kuifikia ahadi ina hila ndani yake. Ila alipofika, aliuliza swali lenye tarehe, lenye mtu mmoja upande wa pili, na akakubali kusikia hapana. Wachezaji walioshuka garini wakisema hawawezi, waliondoka na vitu vyao na hawakudharauliwa. Katika ibada zetu hatujawahi kumwona msimamizi akiulizwa na kujibu kwamba bado anafikiri. Tungeshtuka, na pengine tungemheshimu kwa mara ya kwanza.

Siku hizi washarika wengi wanakuja kanisani wamevaa saa janja. Zinahesabu hatua na mapigo ya moyo, na katikati ya mahubiri zinatetemeka kumwambia mwenyewe asimame anyooshe miguu. Tumewahi kulalamika juu yake mimbarani. Baada ya kuzitazama kazi hizi mbili tunajiuliza kama tulilalamikia kitu sahihi. Saa zile zinamkumbusha mtu mwili wake mwenyewe, siku nzima, kwa uaminifu mkubwa. Kile kisikizio cha Sheffield kiliubeba mwili wa mwingine.

Yule kijana wa kipaimara tulimwita tena, tukamsimulia habari ya lori na habari ya gari refu. Ile ya lori ilimfurahisha. Kuhusu gari aliuliza kama wale watu waliahidiana kweli au waliigiza. Tulimwambia kwamba hilo linategemea kama siku moja simu iliita, na nani aliipokea.

Jioni ile tuliipiga ile namba ya zamani. Ilipokelewa na sauti ya msichana, nzito kidogo, ya mtu aliyekatizwa kazi. Aliuliza, "Nani mwenzangu?" Ikabidi tuanze kueleza.