Hongereni, Akina Mama wa Soko la Wajir

Mwaka 1993, koo za Wajir zilipokuwa zikiuana, uhasama uliingia hadi sokoni: mama wa ukoo huu hamuuzii maziwa wa ukoo ule. Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake walianzia hapohapo. Wakaunda kamati ya kuliangalia soko, kila mtu auze na anunue kwa amtakaye, na mchokozi aitwe aulizwe. Kisha wakawaendea wazee wa koo, na mwaka huohuo likatoka Azimio la Al-Fatah, mapatano ya amani kati ya koo hizo. Wazee waliotia saini wana sifa zao, sawa. Lakini nani angeiamini saini ile, ikiwa mteja anaogopa hata kukinga chombo apimiwe maziwa? Kamati za amani zilizoenea wilaya nyingine za Kenya ziliwaiga nyinyi.