Masafa: Neno Moja, Mizigo Mitatu

Miongoni mwa istilahi za utangazaji zilizoenea bila kupimwa kwa makini, neno "masafa" lastahili kuchunguzwa upya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo limebebeshwa maana tatu zinazogongana, na kwamba mgongano huo humdhuru hasa mtu anayetaka kujifunza ufundi wa redio kwa Kiswahili.

Asili ya neno haina utata. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni umbali wa kutoka mahali hadi mahali. Kwa maana hiyo twasema safari ya masafa marefu. Na zile meta 1,500 ambazo Filbert Bayi alizivunjia rekodi ya dunia mjini Christchurch mwaka 1974 ni mbio za masafa ya kati. Redio nayo ikalichukua neno lilo hilo kutajia urefu wa mawimbi: masafa mafupi, masafa ya kati, masafa marefu. Hatimaye likapewa mzigo wa tatu, yaani idadi ya mara ambazo wimbi hutetema katika sekunde moja. Idadi hiyo hupimwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwa majaribio kuwapo kwa mawimbi haya kati ya mwaka 1886 na 1888. Ndipo tunaposikia stesheni ikijitangaza kuwa iko "katika masafa ya megahezi" kadha wa kadha.

Kosa liko wapi? Maana ya pili na ya tatu ni kinyume cha nyenzake. Mawimbi yote ya redio husafiri kwa mwendo mmoja, takribani kilometa 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo, kadiri wimbi linavyotetema mara nyingi zaidi, ndivyo urefu wake unavyopungua. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 300 kwa idadi ya megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa meta. Sauti ya Tanzania Zanzibar, iliyosikika miaka mingi katika kilohezi 11,735, yaani megahezi 11.735, ilikuwa na wimbi la meta 25 na nusu hivi. Kwa istilahi zetu, basi, "masafa" yakipanda "masafa" hushuka. Lugha ya sayansi haiwezi kuvumilia sentensi ya namna hiyo.

Tumchukue mwalimu wa sayansi huko Matombo, katika miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake kutengeneza antena. Antena nyepesi kuliko zote ni waya uliokatwa katikati ukaungwa hapo na redio. Urefu wake wote huwa nusu ya wimbi, pungufu ya asilimia tano hivi. Kwa megahezi 100, yaani katika FM, wimbi lina meta 3, na waya wa meta 1.4 watosha. Kwa megahezi 7.1, wimbi lina meta 42, na waya wahitaji meta 20 za kutandazwa baina ya miti miwili. Mwalimu huyo akisoma kwamba antena ya "masafa mafupi" ni ndefu kuliko antena ya "masafa ya juu sana", ashike lipi? Neno lamwambia fupi, kazi yamdai ndefu. Aweza kukata waya kinyume, na waya uliokatwa haurefuki.

Maana ya kwanza nayo hainyamazi. Mawimbi mafupi hurudishwa ardhini na tabaka za juu za anga, yakafika maelfu ya kilometa. Mawimbi ya FM huenda karibu sawa na mstari ulionyoka, na baina ya Matombo na mji wa Morogoro imesimama milima mirefu. Hivyo "masafa mafupi" ndiyo yanayokwenda masafa marefu!

Wanaoumia zaidi ni wale wa redio ya ridhaa. Naona jina hilo lafaa, kwani kama ilivyo katika michezo ya ridhaa, watu hao huwasiliana kwa kupenda ujuzi na kusaidiana, si kwa biashara. Nchini Tanzania leseni yao hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na alama ya kuitia. Zetu huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X. Leseni husema kwa megahezi, lakini wenyewe huzitaja sehemu zao kwa meta: 40, 20, 2. Mtu anayeishi baina ya hesabu hizo mbili hawezi kupewa neno moja kwa zote mbili.

Wapo watakaosema kwamba "masafa" limekwisha zoeleka. Ni kweli, na sidai watangazaji wanyang'anywe neno lao. Wengine watapendekeza "marudio" mahali pake. Lakini hilo, likiwa peke yake, lamkumbusha msikilizaji kipindi kinachorudiwa. Napendekeza, kwa vitabu vya shule na maelezo ya ufundi, jozi iliyo wazi: "urefu wa wimbi" na "marudio ya wimbi". Mawimbi yenyewe yaitwe mafupi, ya kati na marefu. "Masafa" libaki na mzigo wake wa asili, yaani umbali ambao matangazo hufika.

Istilahi hupimwa mkononi mwa mtumiaji. Mwalimu wa Matombo akiweza kusoma maelezo mara moja na kukata waya wake sawasawa, istilahi hizo zitakuwa zimefaulu.