Mwale, Mwali na Mwonzi: Mizani Moja, Nuru Tatu

Mshairi wa Kiswahili akitaka kuitaja nuru inayotawanyika kutoka katika chanzo chake, maneno matatu humjia ulimini: mwale, mwali na mwonzi. Kila moja lina mizani 2. Na katika wingi, miale, miali na mionzi, kila moja lina mizani 3. Arudhi basi haimsaidii kuchagua. Kinachobaki kuamua ni kina, nacho ni hakimu asiyeuliza maana. Mwenye kina cha *le* huandika miale, mwenye *li* miali, mwenye *nzi* mionzi, na msomaji hutakiwa aamini kwamba ni mamoja. Si mamoja.

Asimamaye ufukweni Tanga alfajiri, uso ameuelekeza Pemba, huliona jua likipasua mawingu na kutanua mistari ya mwanga juu ya bahari mithili ya vidole. Hiyo ni miale: imenyooka, inatoka mbali, wala haina joto la kuogopwa. Mwali, ijapokuwa katika mazungumzo hushika nafasi ya mwale, asili ya nguvu yake imo motoni: ni ulimi wa kuni jikoni, ni ncha ya koroboi inayotikiswa na upepo. Mwale huelekea, mwali hucheza.

Tena mwali ni mwana wa watu. Ni msichana aliyewekwa ndani, akafichwa jua, akafundwa, kisha akatolewa nje kwa ngoma na vigelegele. Ngeli ndiyo inayowatenga: miali yawaka, wali watoka. Lakini katika umoja sikio halitengi upesi, na mshairi anayesema mwali umechomoza amekwisha kumgusa yule aliyechomoza. Akikusudia, amepata utajiri. Asipokusudia, ametoa siri asiyoijua.

Mwonzi nao umehama nyumba. Zamani ungeweza kulipamba jua bila wasiwasi. Leo mionzi ni neno la Taasisi ya Saratani Ocean Road na la Tume ya Nguvu za Atomiki. Msomaji wa Pangani au Muheza aliyempeleka mzazi wake Dar es Salaam kwa tiba ya mionzi, akikutana na shairi linalousifu uso wa mpenzi kwa mionzi yake, hasikii sifa. Sisemi neno lipigwe marufuku. Nasema kinyume chake: shairi la maombolezo lingeweza kuishika mionzi hiyohiyo, ichomayo ili iponye, na hapo miale isingefaa kitu.

Wafasiri wanaujua vyema mtihani huu. Edward FitzGerald, katika chapa ya kwanza ya rubai za Omar Khayyam mwaka 1859, alilifanya jua la asubuhi kuwa mwindaji aliyeunasa mnara wa Sultani kwa kitanzi cha nuru. Katika chapa zake za baadaye kitanzi kiliondoka, nuru ikawa mshale unaoupiga mnara. Jua ni lile lile, mnara ni ule ule. Lakini kitanzi huzingira, mshale huchoma. Shaaban Robert (1909–1962), mwana wa Tanga, ndiye aliyezileta rubai hizo katika Kiswahili kutoka Kiingereza hicho. Afuataye njia yake hana budi kujiuliza, kabla ya kuhesabu mizani, nuru iliyo mbele yake inafanya kazi gani.

Hilo ndilo ombi langu kwa watunzi wa leo, hasa vijana ambao diwani zao zimejaa miale kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kina kikilazimisha neno, kibadilishwe kina. Ni kazi ya usiku mmoja zaidi. Jua linalowachea watu wa Tanga juu ya Pemba ndilo linalowatulia Wapemba upande wa Tanga. Miale ni ile ile, ila wa huku huita mapambazuko na wa kule machweo. Mshairi asiyejua amesimama upande gani hawezi kutuonyesha nuru, hata akiitaja mara mia.