Kodi Nafuu, Nafuu ya Nani?

Nyumba za Kaloleni, Nairobi, zilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika. Mitaa ya aina hiyo ilibaki mali ya jiji, na tangu 2013 iko chini ya kaunti. Kodi yake huwa chini sana ya ile ya soko, na wengi husema hiyo ndiyo haki.

Nami nilisema hivyo, mpaka nilipopanga chumba katika mtaa mmoja wa jiji. Aliyenipangisha alikuwa mpangaji tu. Jina lililoandikishwa ni lake, lakini akiishi kwingine. Nilimlipa mara kadhaa ya alicholipa yeye. Paa lilipovuja alinituma ofisini, na ofisini wakasema hakuna fedha.

Basi, msomaji, nafuu ile haikupotea. Iliingia mfuko mwingine. Hata hivyo, kupandisha kodi ghafla hadi bei ya soko kungemfukuza jirani yangu mjane, ambaye aliishi pale kweli. Kwanza ijulikane nani analala ndani. Kisha huyo alipe kwa kadiri ya kipato chake, na anacholipa kirudi kuziba paa lake. Udogo wa kodi peke yake si haki.